Mawifi Mazito Upande wa Mashariki

Aliyeandika madaftari ya safari ya meli moja ya zamani namwita Bwana Kuku, kwa sababu mwandiko wake ni wa kuku aliyeparura. A yake ni o, u yake hufunga mdomo ikawa a, na g yake ina mkia mrefu unaoshuka kuingilia maneno yasiyoihusu. Kazi yangu ni kukaa chumba cha nyaraka, kukaza macho na kuchapa kila alichoandika: upepo, mawimbi, nani kaumwa tumbo.

Wiki ya kwanza nilichapa kwamba mabaharia wamepandisha tango kubwa. Kesho yake tango likachanika, wakalishona. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa mwingine ndipo nikastuka kwamba watu wazima hawashoni tango, ni tanga. Halafu mchele ukaingia wadada, nahodha akaamuru watolewe mmoja mmoja na kutupwa baharini. Wadudu, maskini.

Zamani tulikuwa wawili, mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anachapa, na makosa yalinaswa mdomoni kabla hayajafika kwenye mashine. Mwenzangu alihamishwa na hajaletwa mwingine. Kiti chake kipo, nakiwekea mkoba.

Hilo halikunisumbua mume wangu alipokuwa hai. Hata sijavua viatu, ananiuliza, "Bwana Kuku kasemaje leo?" Tango alilicheka mpaka akapaliwa na chai, akampigia simu dada yake mkubwa papo hapo. "Dada, sikia hii." Ilikuwa hivyo kila jioni, mimi nikileta kosa, yeye akilipeleka kwa wifi yangu.

Alipofariki, wifi huyo alisimama mbele ya watu akanilaumu, akasema ningemwahisha hospitali, kaka yake angepona. Nilimpeleka siku ileile aliyokubali kwenda. Tangu hapo tulikuwa hatusemezani. Nimebaki mpweke, na sioni haja ya kulipamba neno hilo. Narudi nyumbani navua viatu, hakuna anayeuliza kitu.

Juzi nikachapa: "Asubuhi mawifi mazito yametanda upande wa mashariki. Nahodha ana wasiwasi."

Mawingu, bila shaka. Ule mkia wa g umefanya mambo yake. Lakini mume wangu alikuwa na dada wawili, wote wamejaaliwa miili, na wakija kwetu kochi kubwa lilikuwa lao peke yao. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikageuka nimwambie mtu, nikakutana na mkoba wangu.

Nilitamani mume wangu alisikie hilo kuliko nilivyotamani kitu chochote mwaka huu. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kulielewa, naye ndiye aliyenifedhehesha. Nikatoka nje hadi kwenye ngazi, nikampigia. Simu iliita mpaka nikataka kukata.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

Nikamsomea ule mstari kama ulivyo. Nilisikia bomba la maji likifungwa upande wake.

"Mazito?" akauliza.

"Mazito, wifi. Ndivyo nilivyosoma."

"Na nahodha ana wasiwasi."

"Ana wasiwasi."

Akaanza kucheka kwa pua, kisha kwa sauti, kicheko kilekile cha kaka yake chenye kikohozi mwishoni. Baadaye sikujua tena kama anacheka au analia.

"Simu yangu siku hizi haiiti jioni," akasema. "Nakaa naiangalia tu."

"Najua, wifi."

Habari ya hospitali hakuitaja, nami sikuigusa. Inaniuma bado.

"Ikawaje sasa? Mvua ilinyesha?"

"Sijafika huko. Nitasoma kesho, nikupigie."

"Usipige. Tunakuja wenyewe, mimi na mdogo wangu. Mwambie nahodha."

Nilirudi mezani nikafuta mawifi, nikaandika mawingu, maana kazi ni kazi. Jioni ile nikaziondoa nguo za mume wangu kwenye kochi kubwa, zilipokuwa tangu tulipomzika, ili wapate pa kukaa.