Shemeji Asifagie Leo

Gari lilikuwa limeshapita lango, na mkono wa Somoe ulikuwa bado nje ya dirisha. Haukupunga. Ulitulia tu juu ya mlango kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Zawadi, binti yetu, alikaa pembeni yake amepakata bahasha ya picha za moyo. Walikuwa wanakwenda uwanja wa ndege, kisha Dar es Salaam, hospitali ya rufaa. Mimi nilibaki kibarazani na ufunguo mkononi. Miaka arobaini na minne ya ndoa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kusimama upande huo wa mlango.

"Safari zote umekwenda wewe," alikuwa ameniambia asubuhi, nikimvalisha kandambili kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. "Hii ni yangu. Baki unitazamie shemeji yangu."

Gari lilipokunja kona ndipo nikasikia nyuma yangu, sebuleni, mlio mdogo kama wa simu, na sauti ya mwanamke ikisema maneno yake ya Kizungu. Saa tatu kamili. Shemeji alikuwa ameamka.

Shemeji ni mashine ya kufagia, nyeusi, mviringo kama sinia, inayojiendesha yenyewe. Zawadi aliinunua mwaka ule daktari alipomkataza mama yake kuinama na kukaa kwenye vumbi. Siku ya kwanza Somoe aliitazama ikizunguka nyumba, ikigonga mguu wa kochi, ikigeuka, ikigonga ukuta, mpaka umeme wake ulipopungua ikarudi yenyewe pembeni, kwenye kituo chake cha kuchajia, ikanyamaza. Alicheka mpaka akashika kifua.

"Baba Zawadi," akasema, "huyu ni mdogo wako, tumbo moja. Anazurura, anagonga kuta za watu, njaa ikimshika ndiyo anakumbuka kwake."

Tangu siku hiyo yeye alimwita Shemeji, na Zawadi, mwanamke mzima mwenye ofisi bandarini, akamwita baba mdogo. Sikukasirika. Nilikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Nimetembea na sanduku la bisibisi kutoka Kitaya mpaka Tunduru, nimevuka Ruvuma mara nisizozikumbuka. Hata shule nilisoma hivyo hivyo, darasa hili huku, darasa lile kule, na la mwisho sikulimaliza popote. Nilikuwa naaga asubuhi, narudi baada ya miezi, na kila niliporudi nilimkuta Somoe.

Sasa, kwetu Ziwani, kijijini tulikotoka, mtu akisafiri nyumba haifagiwi siku hiyo. Fagio linasimamishwa kichwa chini nyuma ya mlango mpaka habari ije kwamba amefika. Ukifagia, umefagia nyayo zake, na hataiona njia ya kurudia. Mama yangu aliishika mila hiyo, na Somoe akaipokea kutoka kwake. Nilipokuwa ugenini, mgonjwa, kwenye vibanda vya watu nisiojua lugha yao, nilikuwa najiambia: nyayo zangu zipo sakafuni, sijapotea.

Kwa hiyo nilipomwona Shemeji anatoka pembeni nilikimbia, mimi na magoti yangu haya. Asubuhi ile Somoe alikuwa ametoka uani kuwaaga kuku wake, akarudi ndani na mchanga miguuni. Mguu wa kushoto, ule uliovimba zaidi, ulikuwa umeacha mburuzo juu ya marumaru kutoka chumbani mpaka mlango wa mbele. Shemeji alikuwa ameshaumeza nusu nzima. Nilimdaka, nikamwinua juu, magurudumu yakawa yanahangaika hewani na yule mwanamke wa ndani analalamika. Nikambonyeza mpaka akazimika. Kisha nikapiga magoti, nikafungua kifuniko, nikachomoa kisanduku cha vumbi, na nikaanza kuurudisha ule mchanga sakafuni, kidogo kidogo kwa vidole, pale nilipokumbuka kwamba mguu ulikuwa umepita.

"Hodi humu! Mzee Rajabu, wameshaondoka?"

Alikuwa Mwalimu Yustina, jirani yetu, mtu wa Bukoba, ana bakuli la mihogo ya nazi. Akasimama mlangoni.

"Mzee, unamwaga uchafu ndani?"

"Naurudisha."

"Unaurudisha wapi?"

"Ulipokuwa."

Nikamweleza, bila kumtazama usoni. Nilitegemea acheke, maana ni mtu wa kucheka. Alivua viatu, akapita akiambaa na ukuta mpaka jikoni, akaweka bakuli, akarudi akiambaa na ukuta vile vile. Mlangoni akasema, "Mtu aliyepiga magoti namna hiyo angekuwa Mkristo tungeshampa uzee wa kanisa," ndipo akaenda zake.

Jioni habari ikaja: wamefika, Mama amelazwa. Mila ilinitaka niishie hapo. Lakini kufika si kurudi, na aliyefika kwenye kitanda cha hospitali mimi nilimwona bado yuko njiani. Nikajiongezea siku ya pili, na ya tatu. Shemeji nilimpindua juu ya kochi, tumbo juu, nikamfunika na kanga. Sikujua kwamba anashtaki.

"Baba," Zawadi akapiga simu, "simu yangu inaniambia roboti imekwama."

"Haijakwama. Imepumzika."

"Imepumzika wapi?"

"Kwenye kochi."

"Baba, roboti inafanya nini kwenye kochi?"

"Imelala chali."

"Baba. Umeitia mafuta ya cherehani?"

"Sijaitia."

"Apa."

"Wallahi, Zawadi, sijaitia hata tone. Mama yako anaendeleaje?"

"Anaendelea," alisema, na jinsi alivyolisema neno hilo nilitamani angenigombeza tena kuhusu mafuta.

Siku tisa zilipita hivyo. Chuno, mtaa wa mjini ilipo nyumba ya Zawadi, ina mchanga mwepesi, unapenya kwenye nyavu za madirisha bila kubisha. Mimi nilitembea kwa kuambaa na kuta, nilikula nimesimama jikoni, chumbani nikapita kando kando mpaka kitandani. Siku ya kwanza niliuona mburuzo wa mguu wake wazi kama mstari wa chaki. Siku ya nne ilinibidi niiname. Kufikia ya saba vumbi jipya lilikuwa limelala juu ya vumbi la zamani, sisimizi wamepitisha punje za wali katikati, na sikujua tena upi ni mguu na upi ni upepo. Hata hivyo niliendelea kulinda. Sikuwa nimewahi kumsubiri mtu maishani mwangu. Sikujua inafanywaje, nikafanya hilo.

Siku ya kumi asubuhi simu ikalia, na haikuwa sauti ya Zawadi.

"Baba Zawadi."

"Naam, Mama Zawadi."

"Nasikia umemfunga shemeji yangu."

"Sijamfunga. Nimempindua."

Alicheka, cheko likageuka kikohozi, na nikasubiri nikimsikia Zawadi akisema, "Pole pole, mama." Kisha akarudi, sauti imekuwa ndogo, anavuta pumzi katikati ya maneno.

"Unanitunzia nyayo."

"Ndiyo."

"Mimi nilikutunzia zako zote. Isipokuwa mara moja."

"Mara moja ipi?"

"Mwaka uliokwenda Palma. Zawadi ana surua, macho yamefunga, na wewe umebeba sanduku. Ulipofika kisimani mimi nilikuwa nimeshashika fagio. Nikafagia chumbani. Nikafagia ukumbini. Nikafagia uani, nikafuata njia mpaka kwenye mikorosho ya kina Salumu. Mgongo ukaniuma siku mbili."

Nilikaa. Nilikaa pale pale sakafuni, juu ya kila kitu.

"Ulitaka nisirudi," nikasema.

"Siku hiyo nilitaka."

"Nilirudi."

"Ulirudi. Miezi kumi na mmoja, umekonda, na kofia ya mtu kichwani. Nikakuchimbia ming'oko porini, nikakupikia." Akapumua. "Basi umeona. Kufagia hakumfungii mtu njia. Mwache shemeji afanye kazi. Nikirudi sitaki kukuta vumbi, kifua changu hakilitaki."

"Utarudi lini?"

"Fagia kwanza," akasema, na simu ikarudi kwa Zawadi.

Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyokaa pale mpaka adhuhuri. Palma, ng'ambo ya Ruvuma, niliugua homa wiki tatu ndani ya kibanda cha makuti. Siku ambazo sikuweza hata kushika kikombe nilijikokota kwa wazo moja tu, kwamba sakafuni kwangu Ziwani kuna alama ya miguu yangu na mwanamke ameizunguka ili asiikanyage. Nilipona nikarudi kwa wazo hilo. Kumbe nilirudi kwenye sakafu iliyofagiwa mpaka njiani. Nilimchukia Somoe muda mfupi, kama mtu anavyochukia kidole cha mguu kilichojikwaa, kisha nikamwona: mwanamke wa miaka ishirini na sita, mtoto anaungua mgongoni, fagio la chelewa mkononi, anafagia kwa nguvu zake zote mgongo wa mwanaume usioonekana tena. Hakukosea. Kama ningekuwa mimi ningechoma na kitanda.

Nikaswali. Nikamfunua Shemeji. Brashi yake ilikuwa imejaa nyuzi za kanga na nywele, nikazikata moja moja kwa wembe kama nilivyokuwa nikizikata nyuzi zilizonasa kwenye cherehani za watu. Nikampangusa yale macho yake madogo kwa kitambaa kikavu, jinsi Zawadi alivyonifundisha. Nikamweka chini.

"Haya, mdogo wangu," nikamwambia. "Chapa kazi."

Alipita mara tatu. Kisanduku kilijaa mara tatu, na mara zote tatu nilikibeba mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, nikakikung'uta, nikafukia. Sikubakiza kitu. Alikuwa amenituma, na mimi safari hiyo nilitaka kuwa mtu anayetumwa akafanya.

Kutoka hapo nilikuwa kama mwali anayengoja kutolewa nje. Nilifua mapazia, Mwalimu Yustina akanishikia ngazi wakati wa kuyatundika huku akinitania kwamba fundi cherehani gani anaogopa kupanda juu. Niliosha nyavu za madirisha. Nilitoa godoro juani. Kila asubuhi saa tatu Shemeji aliamka, nami nikatembea nyuma yake kama msimamizi, nikimwondolea viti njiani, na Zawadi alipopiga simu alisema, "Naona baba mdogo amemaliza nyumba nzima. Asante, baba. Mama nimemwambia." Nikauliza, "Amesemaje?" Akajibu, "Amefurahi."

Siku ya tano tangu nifagie, saa nane mchana, Zawadi alipiga simu. Nilisikia watu wakipita, na kitanda cha magurudumu kikisukumwa mbali.

"Nimesikia, mwanangu," nikamwambia. "Nimesikia. Kaa chini."

Ndugu zake Somoe waliamua azikwe Ziwani, kwa wazee wake. Gari lilisafiri kutoka Dar es Salaam, likaingia mjini kesho yake kabla ya adhuhuri. Mimi nililisubiri njia panda. Niliwaomba wapite Chuno, dakika mbili tu, si lazima wamteremshe. Mzee mmoja wa upande wao akanishika bega akasema maiti hacheleweshwi. Ni kweli, hacheleweshwi. Gari lilisimama kunichukua mimi, injini inaunguruma, likaondoka. Kutoka pale njia panda mpaka mlangoni kwetu ni hatua mia mbili. Nyumba ilikuwa imeng'aa.

Siku ya tatu ya matanga nilikaa na Bi Asha, dada yake mkubwa Somoe. Aliishi nasi mwaka ule wa surua. Watu walikuwa wamepungua, anachambua mchele kwenye ungo. Sikutaka kuuliza, nikauliza.

"Mwaka ule nilipokwenda Palma. Somoe alifagia?"

Mikono ikasimama juu ya ungo. "Afagie nani? Mimi ndiye nilishika fagio, akaninyang'anya akataka kunipiga nalo. Siku tatu tumekaa na maganda ya mihogo sakafuni kama mbuzi. Mtoto anaumwa, namwambia mdogo wangu, huyu mwanaume amekuacha, hebu tusafishe nyumba. Ananijibu, 'Hajaniacha, yuko njiani.'" Akapepeta mchele. "Kwa nini? Alikuambia alifagia?"

"Hapana," nikasema.

Bi Asha alikuwa mtu mzima sana wakati huo, alichanganya misiba na miaka. Na Somoe sikuwahi kumkamata kwa uongo hata mmoja. Nimewaweka wote wawili mbele yangu mara nyingi, huyu na fagio, huyu na fagio, na sijui.

Zawadi aliomba uhamisho, yuko bandari ya Tanga, ameolewa huko. Nyumba ya Chuno ameipangisha kwa mtu wa kampuni ya gesi. Ile mashine gurudumu lake moja lilikufa mwezi wa tano, nikalifungua, nikashindwa, kipuri hakikupatikana, na mpangaji akaitupa. Mwalimu Yustina alistaafu akarudi Bukoba, na pesa za kuku wa Somoe alinitumia kwa simu baada ya kuwauza, ingawa sikumwomba. Bi Asha alifariki mwezi wa Ramadhani. Mimi naishi Ziwani, chumba cha uani kwa Salumu, mdogo wa mwisho wa Somoe na Bi Asha. Cherehani zote za kijiji nimeshazitengeneza. Juzi Salumu aliniuliza kama nina safari. Nilimwambia sina.