Sweta la Kijani la Mektrida

Mambo yaliharibika Jumatatu ya tarehe mosi Julai, siku shule zilipofunguliwa. Ukungu ulikuwa umeshuka Uru mpaka kwenye migomba, na Hilaria, wa darasa la tatu, alirudi nyumbani saa mbili asubuhi akiwa amebeba sweta lake jekundu mkononi, meno yakigongana.

“Wamesema ni la kijani tu, baba. Jekundu nisivae hata njiani.”

Sirili alitukana kimoyomoyo. Mwenyekiti wa kamati ya shule aliyepitisha rangi hiyo aliishi Moshi mjini, huko ambako baridi ya mlimani wanaisikia redioni. Na kifua cha mtoto huyu hakikuwa cha kuchezea. Julai iliyopita kilimlaza wiki mbili. Aliyejua kumhangaikia ni mama yake, Mektrida, na Mektrida alikuwa amezikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, mwaka wa pili sasa.

Kitu cha kijani nyumbani kilikuwa kimoja: sweta la sufu la marehemu, sare ya akina mama wa kigango cha kanisa, lenye maua meupe shingoni. Nguo nyingine zote dada zake waligawana siku ya matanga. Hili Sirili alilificha. Lilinuka uvundo, na yeye hakuwahi kufua sufu maishani mwake. Alichojua ni kuchemsha. Akalitumbukiza kwenye sufuria la kupikia ndizi za pombe ya mbege, akachochea kuni, akakoroga kwa mwiko mrefu.

Winfrida, jirani, alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe.

“Shemeji, unapika nini?”

“Sweta.”

“La sufu? Hilo ni maji baridi, baba. Marehemu angekukuta, angekuchemsha wewe.”

Alipoliopoa, lilikuwa limesinyaa nusu nzima. Sirili akakaa kwenye gogo. Hata hicho kimoja alichobakiwa nacho, amekiharibu kwa mikono yake.

Kesho yake jioni, lilipokauka juu ya meko, Hilaria alilivaa bila kuuliza. Mikono ilimfika kwenye viganja, sawasawa. Sufu ilikuwa imeshikana, nzito kama blanketi.

“Baba, upepo hauingii. Na maua hayajatoka.”

Sirili alimgeuza mbele, akamgeuza nyuma. Pumzi ikamtoka, ile aliyoizuia tangu jana.

“Haya,” akasema Winfrida, aliyekuwa amekuja kuchungulia mlangoni, “hata ujinga una siku yake.”

Jumatano Mwalimu Magreth alilishika sweta shingoni, akatabasamu, akamruhusu mtoto aingie. Wiki ikaisha bila kikohozi hata kimoja.

Jumamosi kulikuwa na kikao cha wazazi. Mwenyekiti alikuja na koti lililofungwa zipu mpaka kidevuni. Wote walijua Sirili atagomba, lakini alisimama taratibu.

“La kwangu limekwisha, namshukuru Mungu. Ila wale kumi na mmoja mliowarudisha Jumatatu bado wako nyumbani. Mwenyekiti, nguo gani uliyowapa wewe, mpaka ukawavua zile walizokuwa nazo?”