Vipande Tisa Vilivyonyamaza

Basi, pale Kongowe ya Kibaha kulikuwa na karakana ya fimbo za pampu za visima, na ndani yake binti mmoja, Tereza, aliyebakiza siku nne amalize miezi yake mitatu ya majaribio. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kila fimbo ilivikwa gamba gumu, kavu kama ganda la yai, ili mchanga wa kisimani usiile. Gamba la namna hiyo hupasuka kwa ndani, jicho lisione kitu. Kwa hiyo fimbo ilikuja na kipande chake kidogo kilichovikwa pamoja nayo. Tereza alikikwaruza kwa ncha ya almasi, akizidisha uzito taratibu, huku sensa ya kunasa mlio, iliyobanwa kwenye chuma, ikisikiliza. Gamba likipasuka, mstari unaruka kwenye kompyuta. Likipasuka mapema, fimbo haifai.

Siku hiyo vipande vyote tisa vilinyamaza. Akasaini, moyo mweupe. Fimbo zikapakiwa kwenda Mzenga, Kisarawe, ambako watu walichota maji bwawani tangu pampu yao ife.

Dereva, Mzee Ponsiano, akaja kuchukua karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kitendawili."

"Tega."

"Mgonjwa wangu hana kidonda, ila nikimfinya analia."

"Gamba hilo. Unanitegea la kwangu mwenyewe, mzee wangu?"

"Ehee. Nasikia leo wagonjwa wako hakulia hata mmoja. Uliwafinya au uliwabembeleza?"

Tereza akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Hata gamba zima hulia uzito ukifika mwisho. Akaikumbuka asubuhi: grisi ya kupaka chini ya sensa ilikuwa imekwisha, akaibana kavu kwa utepe. Bila grisi, hewa hukaa katikati ikameza mlio. Sensa ilikuwa kiziwi asubuhi nzima.

Siku nne tu, na hakuna aliyejua.

"Mzee, usiwashe gari."

Akatoa mafuta ya mgando kwenye mkoba wake, akapaka, akaanza upya. Bosi wake, Ipyana, alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Vipande vinne vililia mapema.

"Nani alisaini?"

"Mimi, bosi. Nilibana sensa kavu."

Ipyana akamsogezea simu. "Wapigie Mzenga mwenyewe. Weka spika."

Mama Sada, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mngetuletea mbovu."

"Ndiyo, mama. Kosa langu."

"Na aliyezizuia nani?"

"Ni mimi."

"Mh. Nzima zinakuja lini?"

"Baada ya wiki mbili, mama."

"Haya, tutazidi kugombania maji na ng'ombe. Ila siku ya kufunga pampu uje wewe, mwanangu. Wakiniletea mwingine namrudisha na fimbo zake."

Ipyana akaisogelea kalenda ukutani, akahesabu wiki mbili kwa kidole. Kwenye siku ile akaandika: Mzenga, Tereza.

"Sasa nenda kanunue grisi," akasema.