Gari la Baba Halifungi

Mume wangu Verlyn Aasen alifundisha udereva katika shule ya sekondari ya mji wetu mpaka akastaafu, na hapa hakuna mwenye leseni ambaye hakufokewa naye. Gari la shule lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria. Watoto walishika usukani, yeye akashika roho zao kwa mguu wake. Kwa hiyo lilipozuka suala la gari la marehemu baba yangu, Verlyn akajifanya jaji, shahidi na daktari, wote kwa pamoja.

Gari lenyewe ni la kizamani, otomatiki, refu mno kwa gereji yetu. Baba aliniachia mimi. Si kaka zangu, mimi! Shamba liliuzwa, ng'ombe wakauzwa, likabaki hilo tu. Ndani bado linanuka kiko chake, na kwenye kiti cha dereva kuna tundu alilounguza mwenyewe siku aliyocheka hadi kiko kikamdondoka. Nalipenda, basi. Sitaki kuulizwa zaidi.

Verlyn akaanza kuliendesha tukienda kanisani na kwa dada yangu, na haikupita muda akatangaza kwamba giaboksi imekufa.

"Halifungi, Ardis," akasema. "Konveta imekwisha."

Nikapewa somo. Kati ya injini na giaboksi kuna kitu kama bakuli la mafuta, ndiyo hiyo konveta. Ukienda polepole, injini inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma giaboksi. Ukifika barabara kuu na mwendo ukatulia, kuna klachi humo ndani inayotakiwa kufunga, vyote vizunguke kama kitu kimoja, na mshale wa mizunguko ya injini ushuke; ukigusa breki, inaachia. Yeye akiendesha, mshale ulikuwa haushuki ng'o. Injini inanguruma, mafuta ya giaboksi yanaungua, petroli inakwisha. Nayajua yote haya kwa sababu niliyala mezani pamoja na viazi, asubuhi na jioni.

Nilipoomba kulijaribu mwenyewe barabara kuu, akaniambia gari bovu si la kujifunzia. Kujifunzia! Mimi niliyeendesha trekta kabla sijamaliza kung'oa meno ya utoto!

Tukalipeleka kwa Curtis Bly, fundi wetu. Curtis akamwaga mafuta, akabadilisha valvu ya umeme inayofungisha ile klachi, akapima nyaya zote, kisha akatoka nalo barabarani. Aliporudi alikuwa anajikuna shingo.

"Kwangu linafunga, Mwalimu."

"Linafunga vipi? Mimi nikiendesha halifungi!"

"Labda..." Curtis akatazama viatu vya Verlyn, halafu akatazama dari. "Labda bado halijakuzoea."

"Gari halimzoei mtu, Curtis. Ndiyo maana nilikufelisha mara mbili. Hutazami."

"Ndiyo, Mwalimu."

Basi ikaamuliwa, yaani Verlyn aliamua, kwamba Jumamosi atalipeleka mji wa Waukon kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikalia, nikafoka, nikagoma kupika. Akanijibu kwa upole kabisa, "Ardis, maiti hawekwi sebuleni." Maneno hayo yalinikata maini. Angenipiga teke ingekuwa nafuu.

Jumamosi ikafika. Kazi yangu ilikuwa kumfuata na pikapu ili nimrudishe nyumbani. Kabla ya kuondoka akanihutubia kuhusu umbali kati ya gari na gari. Nikamwambia twende, maana mdomo ulikuwa unaniwasha.

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa nyuma ya gari lile. Siku zote nilikaa ndani, kando ya Verlyn. Tulipoingia barabara kuu, kati ya mashamba ya mahindi, nikaona taa za breki zimewaka. Nikapunguza mwendo. Hakusimama. Kupanda mlima, nyekundu. Kushuka, nyekundu. Tambarare, mbele yake hakuna hata kuku, nyekundu! Nikadhani zimekwama. Mara gari likarushwa na shimo, taa zikazimika, halafu zikawaka tena taratibu, na hapo ndipo nilipouelewa ule mguu. Mguu wa kushoto, umelazwa juu ya breki, kidogo tu, unasubiri mtoto wa mtu afanye upuuzi. Na kwa elimu yangu ya mezani nilijua kwamba breki ikiguswa tu, umeme wa ile klachi unakatika na konveta inaachia.

Nikapiga honi kama mwendawazimu. Akaegesha, akashuka na uso wake wa siku ya mtihani.

"Umbali, Ardis! Umbali!"

"Hamia upande wa abiria."

"Nini?"

"Hamia, Verlyn, kabla sijakuacha hapa na mahindi."

Tukaiacha pikapu kando ya barabara. Nikaketi juu ya tundu la baba, nikaondoa gari. Mwendo ulipotulia, kukawa na mshtuko mdogo, mshale ukashuka, injini ikapunguza kelele zake.

"Limefunga," Verlyn akanong'ona. Kisha akakohoa. "Valvu ya Curtis imeanza kukolea."

Nikagusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto. Mshale ukaruka juu. Nikaachia, ukashuka. Nikarudia.

"Taa zako za breki zinawaka tangu tuingie barabara kuu, mume wangu."

Mimi nilikuwa na matusi ya kutosha kufika Waukon na kurudi. Nikatazama chini, kwenye miguu yake, nikitafuta pa kuanzia. Mguu wake ulikuwa umekandamiza zulia, pale ambapo gari la shule lilikuwa na breki yake, kwa nguvu zake zote.

"Verlyn, mbele hakuna kitu."

"Huwa hakuna kitu," akasema, "mpaka kiwepo."

Hakuna mtoto aliyewahi kuumia kwenye gari lake. Hata mmoja. Hasira ikaniisha yote, nikabaki nampenda, jambo ambalo sikuwa nimelipanga kwa siku ile. Nikageuza gari, tukaifuata pikapu, Verlyn akaichukua, nami nikarudi na gari nyumbani.

Jumatatu nikaenda kumvaa Curtis. "Ulijua?"

"Mama Aasen, mji mzima unajua. Kila aliyewahi kuwa nyuma yake."

"Sasa mbona mlikaa kimya?"

"Nani angemwambia? Yeye ndiye aliyetufundisha tusilaze mguu kwenye breki."

Siku hizi naendesha mimi. Verlyn anakaa upande wake wa kazi, anakanyaga, na zulia limeanza kutoboka. Tukisimama salama kwenye taa za barabarani, anashusha pumzi, ananigeukia na kusema, "Umeona? Nimewahi." Nami namwambia ahsante.