Bahasha ya Seneta

Eliamani, mwenye duka na wakala wa posta pale Karatu, alikuwa na ugonjwa wake: sahihi. Si za waimbaji wala wachezaji mpira. Alipenda za wanasiasa wa Marekani waliokufa kabla babu yake hajapanda mgomba wa kwanza kule Machame. Alikuwa nazo nne, zote kutoka kwa Bibi Klara, mwalimu mstaafu wa Ohio, ambaye alibadilishana naye kwa stempu za wanyama. Watu walimcheka. Waache wacheke, wengine hukusanya maneno ya watu.

Mwaka 1981 bibi huyo akaja mwenyewe, njiani kwenda kreta kutazama wanyama, na bahasha ya mwaka 1847. Haikuwa na anwani wala stempu. Juu pembeni palikuwa na sahihi ya seneta, kwani enzi hizo sahihi ya mheshimiwa ilitosha kusafirisha barua bure. Eliamani, aliyewahi kumdai stempu hata padre, alicheka peke yake kwa furaha. Bibi Klara akamwachia urithi wake huo autazame mpaka Jumamosi atakaporudi.

Ijumaa gari la posta likawahi. Eliamani akagonga mhuri barua za Endabash, za misheni, za hoteli, gonga, gonga, na ile ya seneta ilikuwa kaunta pamoja nazo; mkono haukuuliza. Mazoea yana taabu. Alipoinua mhuri, jina la Karatu na tarehe vilikuwa vimekalia nusu ya sahihi ya seneta. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Ndeshi, mkewe, alimpa kiti, kisha akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Aseme kabla mgeni hajauliza.

Basi Bibi Klara aliposhuka garini, mwekundu kwa vumbi, Eliamani akaiweka bahasha kaunta akasema yote, bila kumsingizia mtu. Bibi akaiinua, akausoma ule mhuri.

"Babu wa baba yangu alipewa na seneta mwenyewe," akasema. "Akaitunza. Baba akaitunza, na mimi nimeitunza miaka arobaini. Haijawahi kwenda popote."

Akaomba kalamu, akaandika katikati: Bwana Eliamani, Karatu. Kisha akauliza kama inahitaji stempu.

"Hapana, mama," Eliamani akajibu. "Mheshimiwa ameshatia sahihi."

Akampa Ndeshi ile bahasha, akazunguka kaunta, akasimama upande wa wateja, ambako hakuwahi kusimama tangu afungue duka. Akamwomba mkewe amwangalizie kama ana barua.

Ndeshi hakufanya haraka, kama mumewe anavyowafanyia wateja.

"Ipo moja, Baba Antonia," akasema. "Imechelewa kidogo."