Mtama Uliohama

Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, saa moja kasoro asubuhi, Marieta alikuta ng'ombe kumi na tisa ndani ya mtama wake. Aliwahesabu mara mbili, kwa sababu mtendaji wa kijiji angeuliza. Walikuwa wametulia, wanakula mstari kwa mstari kuanzia upande wa mpakani, kama watu waliopangiwa kazi. Masuke ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. Aliokota ufito, akawaswaga hadi kwa mwenyewe, kisha akarudi kutazama kilichobaki. Ilibaki mistari minne upande wa mawe, ambako ng'ombe hawapendi kukanyaga.

Shamba lilikuwa kando ya njia ya Kibara, ekari moja na nusu. Marieta alililima peke yake tangu mumewe, Thadeo, alipofariki. Nyumbani alikuwa na mama mkwe wake, Bibi Gati, ambaye magoti yake yalishakataa jembe na safari. Mtama ule, ukisagwa pamoja na udaga wa muhogo, ndio uliokuwa ugali wao wawili hadi mvua za mwakani. Chakula kingine hawakuwa nacho.

Ng'ombe walikuwa wa Magige, jirani wa ng'ambo ya mpaka. Magige na marehemu Thadeo walikuwa rika moja na marafiki, kwa hiyo yeye na Marieta waliitana shemeji. Mchunga ng'ombe wake aliondoka mwezi wa tatu kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na Magige hakutafuta mwingine. Asubuhi alifungua zizi, jioni alilifunga, na saa za katikati alimwachia Mungu.

"Pole sana, shemeji," Magige alisema, na alikuwa na huruma kweli. "Lakini na wewe uweke uzio. Mwenye chakula ndiyo anawekaga uzio."

"Mwenye ng'ombe ndiyo anachungaga," Marieta alisema.

"Sasa ng'ombe atajuaje kama hapa ni kwa Magige, pale ni kwa Thadeo?"

"Wewe unajua."

Magige akacheka, akamkaribisha uji. Ilikuwa mara ya nne msimu ule, na maneno yalikuwa yaleyale ya mara tatu za kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii mtama ulikuwa umekwisha.

Ofisi ya kijiji ilikuwa na mtendaji aliyeitwa Judith na faili la bluu lenye sheria ndogo. Kifungu cha saba kilisema kila mwenye shamba atalizungushia uzio shamba lake. Kifungu cha nane kilisema kila mwenye mifugo ataidhibiti mifugo yake. Vifungu vyote viwili vilipitishwa na mkutano mmoja, siku moja, na vyote vilipigiwa makofi.

"Kwa hiyo mwenye kosa ni nani?" Marieta aliuliza.

"Inategemea tathmini, mama. Bila tathmini mimi siandiki kitu. Na afisa ugani yuko semina Musoma."

Marieta alikuwa na hasira. Alikaa nayo kwenye benchi la ofisi hadi saa nane mchana, akaondoka nayo, akafika nayo nyumbani, akapika.

Afisa ugani alikuja baada ya wiki mbili. Kufikia siku hiyo mtama ulikuwa umeshaota kwenye migongo ya ng'ombe.

Ulianza kuonekana Alhamisi ileile, siku mbili baada ya kuliwa. Ulitoka kwenye ngozi, kuanzia mabegani hadi kiunoni, kwa mistari iliyonyooka, kwa kuwa Marieta alikuwa akipanda kwa kamba. Ulikimbia kukua kwa sababu ulikuwa umeshakua mara moja na ulijua njia. Magige aliuona alfajiri akiwa anakamua. Alimaliza kukamua, akafunika maziwa, ndipo akampigia simu jirani yake.

"Shemeji, mtama wako umetokea huku. Njoo uuone kwa macho yako, baadaye usije ukasema nimekuficha."

Marieta alikwenda. Alizunguka ng'ombe mmoja baada ya mwingine na kuutambua mtama wake, ule mwekundu wenye suke lililopinda shingo, mbegu aliyotoka nayo kwao. Kwenye mtamba mmoja mweusi alikuta hata kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama, ambalo alikuwa akipambana nalo mwaka wa tatu huu. Akaling'oa. Mtamba alitikisa sikio tu, akaendelea kucheua.

Afisa ugani aliitwa Gasper. Alikuja kwa bodaboda akiwa na utepe wa kupimia na kishikwambi. Alipima urefu wa mtama kwa ng'ombe wote kumi na tisa, akapiga picha ubavu wa kulia na wa kushoto, akauliza nafasi kati ya shina na shina. Kisha akaandika: hasara ya mazao, hakuna, mazao yamehama.

"Yamehamia kwa mtu," Marieta alisema.

"Fomu haina sehemu ya kuandika hiyo, mama yangu."

Judith aligonga muhuri. Jioni ile Magige alimpelekea Bibi Gati jagi la maziwa, na tangu hapo aliamini kwamba yeye na shemeji yake wameshamalizana.

Mwezi wa saba punje zilianza kuweka maziwa, na ndege wakaja. Kwelea kwelea hawachagui; walitua kwenye migongo ile kama walivyotua mashambani. Mwenye mtama lazima aamie ndege, hilo halina mjadala, na mtama wa Marieta ulikuwa ukiamka asubuhi na kwenda malishoni. Ikabidi aende nao. Alichukua kombeo na debe bovu, akawa anatoka na ng'ombe jua likichomoza na kurudi nao jioni. Ng'ombe mmoja akiachana na wenzake, alimfuata na kumrudisha, kwa sababu yule aliyejitenga ndiye aliyeshambuliwa zaidi na ndege. Kwenye maji aliwazuia wasiingie kwenye kina, mashina yasije yakaoza. Jumapili nazo alizikosa, maana kwelea kwelea hawasali.

Wapita njia waliokwenda Kibara walisimama kumsalimu.

"Kwenye ng'ombe unazaa?" waliuliza.

"Unazaa."

"Basi afadhali."

Magige alipendezwa na utaratibu ule. Aliwaambia watu kwamba tangu mchunga ng'ombe wake aondoke hajawahi kupata mtu makini kama shemeji. Alirudi kulala hadi saa mbili. Hakuwahi kumwambia Marieta amchungie ng'ombe wake, na Marieta hakuwahi kukubali kumchungia. Jambo lenyewe lilikaa tu hivyo.

Nyumbani Bibi Gati aliuliza kila jioni kama mtama umekomaa.

"Bado, mama. Wiki tatu."

"Basi mimi nimeshiba," Bibi Gati alisema, kabla hajanawa.

Aliusogeza ugali upande wa Marieta. Marieta aliusogeza tena upande wa mama mkwe. Ulikuwa ugali wa udaga mtupu, mweusi na mlaini, na dagaa wa kuhesabika kwa vidole.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane ng'ombe wawili walimponyoka Marieta akiwa anahangaika na ndege upande wa pili, wakaingia kwenye viazi vitamu vya Kija. Baada ya siku nne marando ya viazi yalianza kuwaning'inia masikioni. Kija alikuwa mjane pia, na mwepesi wa kukasirika. Hakwenda kwa Magige. Alikwenda ofisini moja kwa moja, akamtaja Marieta.

Judith alifungua faili la bluu. Alisoma taratibu, akifuatisha kwa kidole, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na hakutaka kumwonea mtu. Kifungu cha saba kilimwangukia Marieta, kwa sababu shamba, ambalo sasa lilikuwa kwenye migongo ya ng'ombe, ni lake na halikuwa na uzio. Kifungu cha nane kilimwangukia pia, kwa sababu mifugo alikuwa nayo yeye.

"Na Magige?" Marieta aliuliza.

"Magige hana shamba hapa. Na hakuwa na ng'ombe siku hiyo. Ulikuwa nao wewe, mama, na kijiji kizima kimekuona."

Magige, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, alitazama chini kwa aibu ya kumwonea mtu huruma. Kija alimtazama Marieta, akafunga kitenge chake vizuri na kutoka.

Marieta alipewa wiki tatu kuzungushia shamba lake. Alikata matawi ya minyaa kwenye uzio wa kigango, kwa ruhusa ya katekista, akayabeba kichwani mizigo arobaini na kitu. Alichimba na kupanda kuzunguka zizi la Magige na malisho yake yote, huku akirusha mawe kwa ndege kwa mkono uliokuwa hauna jembe. Siku ya sita utomvu wa minyaa ulimwingia jichoni, akachimba siku mbili kwa jicho moja. Uzio ulipofika mpakani ulipita upande wa kwa Magige, kwa kuwa mtama ulikuwa huko. Shamba la Marieta lenyewe lilibaki wazi kama lilivyokuwa. Lilikuwa tupu, ile mistari minne ya mawe ikiwa imeshamalizwa na ndege, na kifungu hakisemi kitu kuhusu shamba tupu.

Judith alikuja kukagua, akasema kazi ni nzuri sana.

Mtama ulikauka wiki ya tatu ya mwezi wa nane. Marieta alipanga kuvuna Jumatatu. Jumamosi, kabla jua halijapanda, alisikia lori likirudi nyuma kuelekea zizini, akatoka mbio na kisu na gunia.

"Nauza wanane tu, shemeji," Magige alisema. "Nilitaka nikwambie jana, nikapitiwa. Wewe kata haraka haraka."

Mnunuzi alikuwa Twalib, mwenye bucha Bunda mjini, mtu mpole anayeamkia watu vizuri. Alimsikiliza Marieta hadi mwisho.

"Mama, mimi nimenunua ng'ombe kama alivyosimama," alisema. "Lakini siwezi kukufukuza. Panda, ukate hadi lami. Tukifika lami dereva anaongeza mwendo, hapo hatutaelewana."

Marieta alipanda nyuma ya lori, katikati ya ng'ombe. Lori lilikwenda polepole kwa sababu ya mashimo, na kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba njia ile haijachongwa. Alishika suke, akakata, akatia guniani, akashika jingine. Vumbi lilikuwa jingi na pembe zilimgonga mbavuni. Alimaliza ng'ombe watano. Kwa wa sita alikuwa amefika katikati ya mgongo lami ilipoanza. Dereva alisimama kama walivyokubaliana. Twalib mwenyewe alimshushia gunia na kumtakia safari njema, kisha lori likashika njia ya mjini na mtama ukiwa unapepea juu ya mbao za ubavuni.

Alirudi kwa miguu, akafika saa saba. Jumatatu akavuna ng'ombe kumi na mmoja waliobaki. Alipopiga na kupepeta, alipata magunia matatu kasoro, na punje nyingi zilikuwa nyepesi, zimedonolewa. Mashamba yakishavunwa, desturi ya kijiji ni kwamba mabua ni ya ng'ombe wa yeyote. Ng'ombe wa Magige walilana mabua mgongoni, huyu akimla yule, wakanenepa sana.

Kihenge kiliisha kabla ya Krismasi. Bibi Gati aliendelea kushiba kabla ya kunawa, na tarehe nane mwezi wa kwanza asubuhi hakuamka. Marieta alimkuta amelala kiubavu, mwepesi mno hata kitanda hakikuwa kimebonyea. Waliomzika walisema ameishi miaka mingi. Magige alilia kaburini, machozi ya kweli, na alitoa dume zima kwa ajili ya msiba. Watu walikula nyama siku tatu. Marieta alikula pia. Alikuwa na uchungu mkubwa na alikuwa na njaa, na nyama ilikuwa nzuri.

Mwezi wa pili mvua zilinyesha. Mkutano wa kijiji ulikaa, Judith akasoma sheria ndogo za mwaka mpya, kifungu cha saba na kifungu cha nane, na vyote viwili vikapigiwa makofi. Marieta alipiga makofi pamoja na wengine, kwa sababu mikono yake ilikuwa imekaribiana. Kwa fedha za wale wanane wa lori, Magige alikuwa ameshanunua ng'ombe wengine sita mnadani, na mchunga ng'ombe bado hakuwa naye.

Kesho yake Marieta alichukua mbegu, kamba na kijiti cha kutobolea. Alisimama kwanza kwenye shamba lake. Udongo ulikuwa umelowa vizuri, mweusi, tayari. Aliutazama kwa muda. Kisha akavuka mpaka kupitia lango la minyaa, akaingia zizini kwa Magige, akafunga kamba kwenye pembe za ng'ombe wa kwanza na kuivuta hadi mkiani ili mstari unyooke.

Magige alitoka ndani akiwa na mswaki mdomoni. Alielewa mara moja. Alitema, akaja kumshikia ng'ombe pembe asitikisike.

"Hapo umefikiria, shemeji," alisema. "Mwaka jana walisumbuka kutembea mpaka kule."

Marieta alisema ni kweli, akatoboa shimo la kwanza, akatia punje nne na kufukia.