Glasi ya Wageni

Siku za wageni, mwendesha pampu alianza kazi kwa kuondoa povu. Alisimama ukingoni mwa bwawa la mwisho, pale ambapo maji machafu ya kiwanda cha nguo yalitakiwa kufika yakiwa yameshasafishwa, akalivuta povu pembeni kwa wavu wa mpini mrefu na kulizoa kwa ndoo. La siku hiyo lilikuwa zambarau. Kisha akawasha mashine mbili za kupuliza hewa, ambazo siku nyingine zote hulala kwa sababu zinakula umeme, akaenda nyuma ya ukuta kufunga koki kubwa.

Koki hiyo haikuwemo kwenye mchoro wowote. Ilitoa maji chumba cha rangi na kuyapeleka mtoni moja kwa moja, bila chokaa, bila shabu ya kutuliza uchafu, bila hewa. Wageni wakishaondoka, aliyeifungua tena ni yeye.

Mambo ya glasi yalianza kama mzaha. Mnunuzi mmoja wa mashati alichungulia bwawani, akauliza kama mtu anaweza kuyanywa maji yale. Meneja akacheka.

"Fundi, hebu mwonyeshe mgeni."

"Nimwonyeshe nini, bosi?"

"Unavyokunywa."

Glasi ikaletwa kutoka ofisini. Mwendesha pampu alijua kuwa bwawa lilikuwa limeongezwa maji ya bomba tangu jana yake, maana mpira aliushika mwenyewe. Alijua pia kilichokuwa chini. Akachota juu juu, akanywa yote. Mgeni akapiga makofi. Ulimi wa mwendesha pampu ulishikwa na ganzi mpaka jioni, akala chakula bila kujua kina chumvi au hakina.

Tangu hapo ikawa ni kazi yake. Kila wageni wakija, glasi. Wakampiga picha, wakaikuza, wakaitundika mapokezi na kupeleka nyingine ofisi za serikali. Alipopita mbele yake hakuitazama. Haikumuuma wala haikumfurahisha. Ilikuwa picha ya mtu anayekunywa maji.

Aliishi na dada yake mkubwa, dobi, kwenye vyumba viwili vilivyokuwa upande wa chini wa mto. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka kwa miaka mingi, hivyo dada alifulia mtoni. Majirani walikuwa na utani wao. Wakiamka walichungulia mto na kuambiana, "Leo kavaa kijani." Dada alicheka nao mpaka mashuka meupe ya wateja yalipoanza kutoka na madoa ya waridi. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Ngozi kati ya vidole vyake ikachanika, ikawa haifungi.

"Jumatatu huendi kazini," akamwambia mdogo wake. "Nisindikize ofisi ya mazingira. Wewe unajua kuongea na wakubwa."

Akamsindikiza.

Ofisa aliwakaribisha vizuri, akawapa viti. Dada akatandaza shuka mezani, akaweka mikono yake juu ya shuka. Ofisa aliangalia shuka. Kisha akamwangalia mwendesha pampu, akageuka kuangalia ukuta uliokuwa nyuma yake, akamwangalia tena.

"Huyu si wewe?"

Dada akainua macho. Mdogo wake alikuwa pale ukutani, ndani ya fremu, glasi mdomoni.

"Ni mimi."

"Maji haya uliyanywa, hukuyanywa?"

"Niliyanywa."

"Ukaumwa?"

Aliuwaza ulimi wake. "Hapana."

"Mama, si umesikia mwenyewe?" ofisa akasema kwa upole, akilikunja shuka na kumrudishia. "Badilisha sabuni. Sabuni za siku hizi ni kali sana."

Walipofika karibu na nyumbani dada akauliza, "Ulikuwa na kiu?"

"Wangenifukuza, dada."

"Najua. Kazi hiyo nilikufulia mimi."

Ilikuwa kweli. Mwaka mzima alimfulia bure mkuu wa ajira wa kiwanda, mashati, soksi, mapazia, mpaka jina la mdogo wake likaandikwa. Dada akaingia ndani, akaanika shuka lile lile, ingawa lilikuwa kavu.

Kesho yake meneja alimwita. Ofisa alikuwa ameshapiga simu. Mwendesha pampu alisimama akisubiri kufukuzwa, akashangaa kuona anasubiri tu, kama mtu aliye kwenye foleni.

"Nimesikia una dada," meneja akasema. "Mbona hukuniambia? Wanunuzi siku hizi wanaulizia wananchi wa jirani. Wewe ni mfanyakazi, wanasema umeagizwa. Mwananchi hasa, tena mama, tena dobi! Mwambie kuna kazi hapa ya kufua sare. Mashine ipo, bomba lipo. Aje Alhamisi."

Alifikisha ujumbe akiwa amesimama mlangoni. Dada alikuwa anapaka mafuta vidoleni.

"Kufulia kwa bomba?"

"Kwa bomba."

"Maji yake hayana rangi?"

"Hayana."

Alimaliza kidole kimoja, akaenda kingine. Akavimaliza vyote kumi.

"Waambie nitakuja."

Alhamisi walikuja wageni watatu na mpiga picha. Dada alivalishwa sare mpya, na kwa sababu ya vidole meneja alimletea glavu nyeupe. Akasimama ukingoni, mgongo umenyooka, kama aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mwendesha pampu akachota, akamkabidhi glasi. Hawakutazamana. Dada alikunywa taratibu bila kupumzika, koo likipanda na kushuka. Mashine za hewa zilinguruma.

Meneja akaanza kupiga makofi, lakini mpiga picha akainua mkono.

"Samahani mama, ulifumba macho. Turudie mara moja tu."

Dada akafuta mdomo kwa glavu. Akamnyooshea mdogo wake glasi.

Akaipokea, akainama, akachota.